Tena: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Sarang'ombe

Mgonjwa wa pumu anapofikishwa kliniki akiwa amebanwa, daktari makini humuuliza swali lolote lile: unaitwa nani, umetoka wapi, umekula nini. Jibu lenyewe si hoja. Anachosikiliza ni urefu wake. Anayeweza kusema sentensi nzima kwa pumzi moja hajafika pabaya. Anayeikata sentensi vipande vipande ni wa kuangaliwa kwa karibu. Anayetoa neno moja, akavuta hewa, kisha akatoa la pili, huyo hapangi foleni. Na yule ambaye mluzi wa kifua chake umenyamaza ghafla huku yeye akizidi kuhangaika ndiye wa kukimbiliwa kuliko wote, maana kimya hicho ni dalili kwamba hewa inakaribia kuacha kupita.

Daktari huyo ni mhakiki wa fani kabla hajawa kitu kingine. Anafanya kazi ambayo mwalimu wa ushairi alitufundisha darasani: anahesabu mizani. Mshororo wa tarbia ya kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na katikati pana pumziko dogo. Kifua kizima huughani bila taabu. Kilichobanwa huishia ukwapi. Kilichobanwa sana hakivuki mizani mbili. Walimu wetu walituambia pia kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, nasi tukakariri ili tupite mtihani. Katika chumba cha dharura, mtu anaweza kupona au kufa kwa kanuni hiyo.

Nataka kusoma matini moja kwa jicho hilo. Si shairi wala tamthilia. Ni mazungumzo ya mistari mitatu ambayo nimeyatunga kwa kufuata usemi wa kawaida wa madirisha ya kliniki na kemisti za Sarang'ombe, ile wadi ya Kibra, au Kibera, jijini Nairobi, yenye vijiji kama Gatwekera. Si maneno ya mtu mmoja maalumu. Nimeyaacha katika sarufi ya mtaani kama ilivyo:

“Sista, kifua ya mtoto imefunga tena.”

“Pole, mama. Ilianza lini?”

“Jana usiku.”

Mistari mitatu hii, ikisomwa polepole, ina ugonjwa mzima ndani yake. Ina pia kosa moja, na kosa hilo limo katika mstari wa pili.

KIFUA

Baada ya wito wa heshima, neno la kwanza ni kifua. Nairobi, kifua ni mahali na pia ni maradhi. Mafua yaliyoshuka ni kifua, numonia ni kifua, TB hujificha ndani ya kifua, na pumu vilevile. Mahali pamechukua nafasi ya ugonjwa, mbinu tunayoiita taashira. “Ana kifua” ni usemi wenye adabu: haumpigi mtoto chapa, wala haumfungi mzazi kwenye jina ambalo atatakiwa kulinunulia dawa mwaka mzima. Lakini usemi wa kusitiri husitiri pia kile kilichopaswa kuonekana.

Kiswahili kina neno mahususi, pumu, na ni neno la kumfurahisha fundi wa lugha. Ni ndugu wa pumua, pumzi na pumzika. Ugonjwa umepewa jina la kitu kilekile unachomnyima mgonjwa. Hata hivyo, katika mitaa ya Nairobi “asma” husikika sana. Pumu ni neno la kitabu cha shule, asma ni la karatasi ya hospitali, kifua ni la nyumbani. Majina matatu yanazunguka mtoto mmoja, na kila jina lina dawa yake: kifua hupewa dawa ya kikohozi na antibiotiki, asma hupewa inhela, na pumu hupewa alama katika mtihani wa sayansi.

Gharama ya majina haya imewahi kupimwa. Utafiti uitwao Tupumue, uliofanywa na wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Liverpool, uliwafikia watoto zaidi ya 2,000 wa miaka 5 hadi 18 huko Mukuru na Buruburu, upande wa mashariki wa jiji. Watoto wa Mukuru, wanaoishi katika nyumba za mabati, walikuwa na dalili za kifua kuwazidi wenzao wa Buruburu. Lakini waliowahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu. Dalili ziliishi upande mmoja, na jina upande wa pili.

Gatwekera yenyewe si kijiji kilichosahauliwa na wanasayansi. Tangu katikati ya miaka ya 2000, mradi wa KEMRI na CDC ya Marekani, ukishirikiana na Kliniki ya Tabitha, ulipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana homa, nani anahara, nani anakohoa. Ni vitongoji vichache vya Afrika ambavyo kikohozi chake kimehesabiwa kwa uangalifu kama huo. Lengo lilikuwa magonjwa ya kuambukiza, na kwa lengo hilo kazi ilifaa. Lakini kikohozi kikiulizwa kwa lugha ya maambukizi, hujibu kwa lugha hiyohiyo.

IMEFUNGA

Kitenzi cha sentensi yetu kinafunga bila mfungaji. Mwalimu wa sarufi atalalamika: kifua ni cha ngeli ya KI-VI, kingefaa kiwe “kimefunga”, na bora zaidi “kimefungwa” au “kimebanwa”. Kiswahili sanifu hupenda kauli ya kutendwa katika jambo hili. Mtu hubanwa na pumu, hushikwa na pumu. Pumu huwekwa baada ya “na”, kama mwizi aliyeingia kutoka nje.

Hapa mama wa Sarang'ombe amemshinda mwalimu wa sarufi. Kifua chenyewe ndicho kilichofunga.

Mirija ya hewa iliyotawanyika ndani ya mapafu kama matawi ya mti imezungukwa na misuli, na ndani imetandikwa utando laini. Pumu inapopamba moto, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli hujikaza, utando huvimba, na seli za ute humwaga makamasi mazito kama uji. Hakuna mkono wa mgeni. Misuli ni ya mtoto, utando ni wake, ute ni wake. Hesabu yake nayo haina huruma: kipenyo cha mrija kikipungua nusu, ukinzani wa hewa unaweza kuongezeka mara 16.

Tena taabu kubwa iko katika kutoa hewa kuliko kuivuta. Mirija hupanuka kidogo tunapovuta na kusinyaa tunapotoa, kwa hiyo mrija uliokwisha kuwa mwembamba huziba wakati wa kutoka. Hewa huingia, ikakwama. Ule mluzi ni sauti ya hewa inayojipenyeza kwenye tundu lililobaki. Kiswahili husema “kushusha pumzi” kwa maana ya kupata nafuu baada ya hofu, na mwenye pumu ananyimwa hasa hicho. Pumzi anazo kifuani, tele, na hawezi kuzishusha.

TENA

Neno zito kuliko yote limewekwa mwisho, mahali ambapo katika shairi pangekaa kina. Tena. Mama amekwisha kutoa utambuzi wa ugonjwa, kwa silabi mbili. Numonia haiji kila baada ya wiki tatu kwa mtoto yuleyule, ikaondoka kwa siku mbili, ikarudi vumbi likitifuka. Kinachorudi namna hiyo kina mzizi unaobaki ardhini majani yakikatwa.

Kisa cha pumu ya mzio huanza kimya. Mtoto anavuta hewa yenye unga wa vinyesi vya mende au wa wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Utando wa mirija, ukikwaruzwa, hutoa kemikali za kuomba msaada. Seli zenye matawi huokota vipande vya unga huo na kuvipeleka kwenye matezi, kama mjumbe anayemwonyesha chifu ushahidi. Huko seli T za aina ya pili hufunzwa kuvichukia, zikaanza kutoa interlukini namba 4, 5 na 13. Ya nne huziagiza seli B zitengeneze kingamwili iitwayo IgE. Ya tano huita kutoka kwenye uboho seli za eosinofili. Ya 13 huchochea ute na kuifanya misuli iwe myepesi kushtuka. IgE ilitambuliwa mwaka 1966 huko Denver, Marekani, na mume na mke wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka. Kundi la Uswidi liliifikia kwa njia yake, na mwaka 1968 ikapewa jina hilo rasmi.

Mpaka hapa mtoto hajakohoa hata mara moja. IgE zimejibandika juu ya seli za masti zilizo kando ya mirija, zinangoja. Siku unga uleule ukirudi na kuzigusa IgE mbili kwa mpigo, seli ya masti hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini na lukotrini. Misuli hujikaza ndani ya dakika chache. Hili ndilo tunaloliita shambulio. Dawa au bahati hulituliza, nyumba nzima ikashukuru. Lakini saa chache baadaye eosinofili zilizoitwa hufika, zikavimbisha tena kile kilichokuwa kinapoa. Nazo zikishafika haziondoki upesi. Katika wiki ambazo mtoto anacheza mpira na hakuna anayekumbuka kifua chake, utando bado umevimba chini kwa chini. Kwa sababu hiyo baadaye hahitaji hata mende: moshi, baridi ya Julai, mbio za shuleni au kirusi cha mafua vinatosha.

Msimuliaji stadi angeona mara moja tatizo la umbo. Sisi husimulia pumu kuanzia kilele: usiku ule, mbio zile, mtoto alivyogeuka rangi midomo. Kilele kikipita, tunafunga kitabu. Ugonjwa wenyewe una msuko mwingine kabisa: mwanzo mrefu usiosikika, vilele vya ghafla, na baada ya kila kilele, mabaki yanayoandaa kinachofuata. Umbo la simulizi yetu ni tukio. Umbo la maradhi ni hali. Katika mistari yetu mitatu, “tena” ndilo neno pekee linalolingana na umbo la maradhi.

Sasa tazama mstari wa pili. “Ilianza lini?” Swali la upole, la kila siku, linaloulizwa kwa nia njema na mtu aliyechoka mwenye foleni ndefu. Linataka tarehe ya tukio. Mama anajibu alichoulizwa: jana usiku. “Tena” imefutwa, na pumu imerudi kuwa kifua.

KINGA

Si sarufi tu inayopotosha. Vitabu vyetu vya afya, na vipindi vya redio baada yao, hueleza kinga ya mwili kwa lugha ya jeshi: seli nyeupe ni askari, vijidudu ni adui, homa ni uwanja wa vita. Kwa surua au malaria, sitiari hii inabeba mzigo wake vizuri. Kwa pumu inavunjika katikati.

Sitiari ya jeshi ina tokeo moja tu la kuogopwa: kushindwa. Anayeugua, basi, askari wake ni dhaifu. Kibera, ambako UKIMWI uliacha makaburi katika koo nyingi, maneno “kinga imeshuka” yana uzito ambao kamusi haiuonyeshi. Mzazi anayeambiwa kwamba pumu ni jambo la kinga husikia kwamba kinga imepungua, na atatafuta kitu cha kuipandisha: asali, tangawizi, vidonge vya vitamini vinavyouzwa kando ya njia. Ilhali kinga ya mtoto huyu haijashuka. Imekuwa na juhudi kupita kiasi, inapigana na kitu ambacho hakikuja kupigana. Dawa inayomfaa ni ya kuituliza. Sitiari imempeleka mama upande ulio kinyume kabisa na duka la dawa.

Kiswahili kina sitiari bora zaidi, na kimeificha ndani ya neno lilelile. Kinga ni kizuizi. Lakini kamusi ina kinga kingine, cha ngeli ya KI-VI: kipande cha ukuni chenye moto, kijinga. Ndicho kilichomo katika methali “kinga na kinga ndipo moto uwakapo.” Maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na bado sijui maelezo ya pumu yaliyo mafupi kuliko mkutano huo. Kinga inayolinda ndiyo inayounguza. Seli ya masti na eosinofili, kinga na kinga, zikisogezwa pamoja moto huwaka. Moto nao hauna ushindi wala kushindwa kama vita. Una kuwaka, kufifia na majivu yenye kaa ndani. Anayejua jiko anajua kwamba kaa lililofunikwa majivu halijazimika.

Upo utata mwingine unaozidi kunogesha neno. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba IgE na eosinofili vilikuzwa na maumbile kwa kazi ya zamani ya kupambana na minyoo. Silaha iliyoundwa kwa adui mkubwa mwenye mwili inaelekezwa kwa unga wa mende. Haifai, ila haijui kufanya lingine. Wala pumu zote hazipiti njia hii ya IgE. Zipo zinazochochewa zaidi na moshi na maambukizi, na hizo huweza kuwa ngumu kutulizwa kwa dawa za kawaida. Moto ni mmoja, kuni ni nyingi.

JANA USIKU

Mstari wa tatu una maneno mawili, na yote mawili ni mandhari. Pumu hupenda usiku. Homoni ya kotisoli, ambayo mwili hujitulizia uvimbe, huwa chini kabisa katikati ya usiku, na mirija kwa asili husinyaa kuelekea alfajiri. Saa tisa, saa kumi za usiku ndizo saa za kubanwa. Mhakiki wa riwaya angesema mwandishi amechagua saa hiyo kwa makusudi, maana ndiyo saa ambayo mzazi wa Gatwekera hawezi kutoka hovyo na mtoto mgongoni kupita vichochoroni hadi barabara inakopatikana gari.

Mandhari katika kisa hiki ni mhusika kamili. Chumba cha futi 10 kwa 10, kuta za mabati au udongo, jiko la makaa au stovu ya mafuta ya taa ndani ya nafasi ileile wanayolala watu. Julai ikiwa kali, jiko huachwa liwake ili kupasha joto. Mvua ikinyesha, ukuta hupata unyevu na kuvu. Mende huingia kupitia kwa jirani. Nje, taka zinachomwa kwa kuwa gari la kuzikusanya halipiti kichochoroni. Jina Kibra, walilolileta Wanubi, maana yake msitu. Moshi wa leo hautokani na miti iliyosimama.

Kwamba mji wenyewe unachangia si dhana ya jana. Mwaka 1998 jarida la Thorax lilichapisha matokeo ya watoto wa shule za msingi za Nairobi na za Murang'a waliokimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Mirija ya watoto wa Nairobi ilibana kwa asilimia 22.9 yao, na ya Murang'a kwa asilimia 13.2. Mbio zilezile, watoto wa umri uleule, hewa mbili tofauti.

Sifa ya pekee ya mandhari haya ni kwamba hayana nafsi ya kwanza umoja. Mama anaweza kununua mtungi wa gesi, akaanika godoro, akaziba nyufa. Moshi wa jirani hupita juu ya mabati, kwa sababu ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Ushauri wa kliniki, “usimweke mtoto karibu na moshi”, umeandikwa katika nafsi ya pili umoja kwa watu wanaoishi katika wingi.

BAHASHA

Matini ya mwisho ni fupi kuliko zote: maandishi ya kalamu juu ya bahasha ya dawa au boksi la inhela. Nisome mawili.

La kwanza: “Mipulizo 2 anapobanwa.” Hii ni inhela ya bluu, salbutamol, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1969. Huilegeza misuli ndani ya dakika chache. La pili: “Mpulizo 1 asubuhi na jioni, kila siku.” Hii mara nyingi ni ya kahawia, beklometasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayovutwa. Hailegezi misuli. Inaufifisha moto wenyewe, na huchukua siku hadi wiki kabla ya mtu kuona tofauti.

Tofauti ya dawa hizi ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kikemia. Ya bluu imeandikwa kwa -po-, kirejeshi cha wakati: anapobanwa, ndipo. Inalisubiri tukio, na tukio likija inajithibitisha papo hapo mbele ya macho ya mzazi. Ya kahawia imeandikwa kwa “kila siku”, wakati wa mazoea, ule wa hu-. Haina kilele. Ikifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Katika masimulizi yenye umbo la tukio, dawa ambayo ushindi wake ni kutotokea kwa jambo haina nafasi ya kung'aa. Ndiyo maana ya bluu hununuliwa na ya kahawia huachwa mtoto akipata nafuu. Vidonge na sharubati za salbutamol nazo, zilizo rahisi kumeza na dhaifu kwa kazi hii, zikaendelea kuuzwa.

Uamuzi wa wataalamu wa dunia sasa umefuata hoja ileile. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauwashauri watu wazima na vijana kutumia ya bluu peke yake, maana inatuliza kilele huku moto ukiendelea. Unapendekeza inhela inayounganisha budesonidi na fomoterolo, moja ya kutuliza moto na nyingine ya kulegeza misuli, hata inapotumiwa kwa -po-. Kila mvuto wa dharura unabeba pia dawa ya kinga. Sarufi mbili zimetiwa katika mpulizo mmoja. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Bei ndiyo inayoiweka mbali na dirisha letu.

Wala asiniambie mtu kwamba Sarang'ombe haiwezi kujifunza sarufi ya kila siku. Imeshajifunza. Maelfu ya wakazi wa Kibera humeza ARV kila jioni bila homa, bila kidonda, bila dalili yoyote ya kuwakumbusha. Madaktari Wasio na Mipaka, waliohudumu Kibera hadi 2017, walitibu shinikizo la damu, kisukari na pumu katika kliniki zilezile za VVU, kwa kadi na tarehe ya kurudi. Umbo la matibabu ya kudumu lipo mtaani tayari. Linahitaji kupewa ugonjwa mwingine.

Hata vifaa vipo. Mtoto mdogo hawezi kusawazisha mvuto na mpulizo, kwa hiyo huhitaji chombo cha kati, spesa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako na inhela ikakazwa hapo bila kuvuja, hufanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa ya soda ya nusu lita, Kibera, huokotwa.

TUPUMUE

Ikiwa umbo la simulizi ni tatizo, basi dawa yake haiwezi kuwa habari zaidi tu. Inabidi iwe umbo jingine. Nimeona moja linalofaa, na limejaribiwa Mukuru. Kabla na wakati wa utafiti wa Tupumue, wanasayansi, wasanii na wakazi walishirikiana kutengeneza muziki, michoro ya ukutani na maigizo kuhusu hewa na mapafu. Miongoni mwa mbinu ilikuwa ile ya jukwaa la majadiliano iliyoasisiwa na Augusto Boal wa Brazil katika miaka ya 1970. Afrika Mashariki tuna ukoo wetu wa sanaa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, wakageuza matatizo ya kijiji kuwa maigizo ya wanakijiji wenyewe.

Katika jukwaa la Boal, mchezo huigizwa mpaka mwisho wake mbaya. Kisha huanza upya, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, “Simama!”, akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika, akafanya vingine. Habari kwamba moshi ni mbaya inaweza kubandikwa ukutani. Kurudi nyuma ya kilele hakubandikiki. Mtazamaji hawezi kuingilia wakati mtoto ameshabanwa. Lazima aingilie mapema zaidi: kwenye jiko, kwenye taka, kwenye dirisha la dawa wiki tatu kabla. Umbo la mchezo linamfundisha kutafuta wakati uliokuwa kimya. Hiyo ndiyo kazi ya inhela ya kahawia, imetafsiriwa kuwa sanaa.

Na jina lenyewe. Litenganishe: tu-pumu-e. Mbele kuna “sisi”, nafsi ile ambayo ushauri wa kliniki uliisahau. Nyuma kuna -e, kiambishi cha ombi na azma, cha jambo ambalo bado halijawa na linatakiwa liwe. Katikati, herufi kwa herufi, limekaa neno pumu, zima, likiwa limezungukwa pande zote mbili. Sijui kama waliolichagua walikusudia. Fani haihitaji ruhusa ya mwandishi ili isomeke.

Hukumu yangu ni hii. Mama wa mstari wa kwanza hana kosa la kusahihishwa. Sarufi yake imetaja mtendaji sahihi, na neno lake la mwisho limetaja ugonjwa. Wa kuhaririwa ni sisi tunaojibu. Tuache kueleza pumu kama vita tunavyoshindwa, tuieleze kama moto wa kufifisha. Tuandike juu ya boksi la kahawia, kwa maneno makubwa, “hata akiwa mzima”. Na mwenye kukaa dirishani, kabla ya kuuliza ilianza lini, aulize kwanza: “Mama, hii ni mara ya ngapi?”